Fremu ya picha isiyopiga hodi



Mwezi wa Shaabani uliopita, msafiri mmoja kutoka Muscat alituletea Tanga kifurushi cha dada yetu aishiye huko. Ndani yake, pamoja na udi, tende na kitambaa cha kanzu, mlikuwa na boksi bapa lenye kitu mfano wa fremu ya picha, ila kilikuwa na waya wa umeme. Mama yetu, ambaye ni mjane na umri wake ni miaka 76, alikigeuzageuza mikononi kisha akauliza: "Picha yenyewe iko wapi?"

Binti yetu wa miaka 19 alicheka, akakichomeka ukutani, akakishughulikia kwa muda usiozidi robo saa. Kabla ya adhana ya Alasiri kuadhiniwa, uso wa mjukuu wa miezi mitatu, ambaye mama hajapata kumwona ila kwa simu, ulikuwa umejaa kiooni. Mama akakaa kitako mbele yake, akasema: "Maashaallah. Huyu kachukua paji la babu yake."

Tangu siku hiyo nyumba ile ya Ngamiani ilibadilika. Mama hana simu ya kisasa, na hata angekuwa nayo macho yake hayamsaidii. Siku zote alikuwa akisubiri mtu apite amshikie simu aone watu wake kwa dakika mbili tatu. Sasa watu wake wakawa wanamjia wenyewe: asubuhi wajukuu wa London wakiwa na sare za shule, mchana kaka yao akiwa kazini, usiku harusi ya jamaa wa Dar es Salaam. Hapakuwa na haja ya kubonyeza chochote.

Tunaandika makala hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba chombo hiki kinazidi kuingia majumbani mwetu, aghalabu kama zawadi kutoka kwa ndugu walioko Ghuba, Ulaya na Marekani, na familia nyingi hukipokea bila kujua kinavyofanya kazi. Ya pili ni kwamba katika nyumba yetu wenyewe kilileta furaha, kisha kikaleta machozi, na kosa halikuwa la chombo.

CHOMBO CHENYEWE

Fremu ya picha ya kidijitali si jambo jipya kabisa. Mwaka 2000 kampuni ya Ceiva ya Marekani ilianza kuuza fremu iliyounganishwa na waya wa simu ya mezani, ikawa inachukua picha mpya kwa njia hiyo. Za siku hizi hazihitaji waya huo. Huungana na intaneti kwa waifai, na mtu aliye popote duniani huweza kutuma picha kwa simu yake ikatokea sebuleni kwa mama yake baada ya sekunde chache.

Zilizo nyingi sokoni zina kioo cha inchi 10 hivi chenye pikseli 1280 kwa 800, na nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 16 au 32, inayotosha maelfu ya picha. Mwenye fremu huweka kwenye simu programu inayoendana nayo, kisha fremu humpa msimbo. Kila anayepewa msimbo ule huwa amefunguliwa mlango wa kutuma picha. Jambo hili la msimbo msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza huhifadhi picha ndani ya fremu yenyewe; intaneti ikikatika au bando likiisha, zile zilizokwisha kufika huendelea kuonekana, na mpya husubiri. Ya pili hutegemea hifadhi ya kampuni iliyo mbali, na wakati mwingine hudai ada ya mwezi au ya mwaka. Kwa nyumba zetu, ambako bando hununuliwa kwa siku au kwa wiki, aina ya kwanza inafaa zaidi. Anayenunua aulize swali hili kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu gharama, umeme wake ni mdogo. Chaja ya volti 5 na ampia 2 haipitishi zaidi ya wati 10, kwa hiyo fremu ikiwashwa saa 12 kwa siku haitakula hata uniti nne za LUKU kwa mwezi. Bando ndilo la kuangaliwa. Picha moja ya simu za sasa huwa na megabaiti 2 hadi 5. Programu nyingi huipunguza kabla ya kuituma, lakini video hula zaidi, na shangazi mwenye mapenzi mengi huweza kutuma video kumi kwa usiku mmoja.

Kikwazo kinachowasumbua wengi siku ya kwanza ni kwamba fremu haiuoni mtandao wa nyumbani. Sababu yake mara nyingi ni nyepesi. Ruta za kisasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na fremu nyingi huyafahamu yale ya 2.4 peke yake. Dawa yake ni kuichagulia fremu mtandao wa 2.4, ambao pia hupenya kuta nene vizuri zaidi. Wasio na ruta huweza kuiunganisha kwa simu iliyowashwa ili igawe intaneti, kisha kuizima picha zikishafika. Sisi hufanya hivyo mara moja kwa siku, baada ya Isha, na bando la mama hudumu.

USIKU WA FUTARI

Ulikuwa usiku wa mwezi 11 Ramadhani. Kwa desturi ya marehemu baba, ambayo mama hakutaka ife, majirani wanaume hufuturu kwake mara moja katika kila kumi la mwezi. Walikuwapo watu tisa sebuleni, miongoni mwao Maalim aliyetusomesha Juzuu Amma tukiwa watoto. Tulikuwa tumekwisha kuswali Maghribi kwa jamaa, tumerudi kwenye uji, mihogo ya nazi na tambi. Fremu ilikuwa mahali pake, juu ya kabati la vyombo, ikibadilisha picha kama kawaida yake, na hakuna aliyekuwa akiitazama.

Kule Muscat, ambako saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, dada yetu alikuwa amekwisha kufuturu na kupumzika. Alikuwa akipitia picha za harusi ya Shaabani aliyoihudhuria Dar es Salaam alipokuja likizo. Akaona moja iliyompendeza: binti yetu katika kesha la wanawake, amevaa gauni la mikono mifupi, nywele zimesukwa na kutiwa asumini, anacheka. Ilipigwa ndani, wanawake watupu, milango imefungwa. Akasema moyoni mwake, bila shaka, kwamba bibi yake atafurahi kuiona. Akaituma.

Fremu ile ina tabia ya kuiacha picha inayozunguka na kuionyesha mara moja ile iliyofika sasa hivi, tena kwa mlio mdogo. Mlio ulipolia, watu walio na mazoea ya simu wakainua macho.

Maalim aliinamisha macho kwenye kikombe chake kabla ya wengine wote. Kijana mmoja wa jirani hakuwahi. Sisi tuliruka, tukaigeuza fremu ukutani, tukaanza kuzungumzia mihogo kwa sauti kubwa. Hakuna mgeni aliyesema neno, na kwa adabu yao tunawaombea kheri. Ila binti yetu alikuwa mlangoni na sinia la tende, ameona alichokiona, na ameona pia ni nani aliyekiona.

"SIKUULIZWA"

Hapa ndipo tulipokosea kwa mara ya pili, na tunalisema kosa hili hadharani kwa kuwa twahofia si letu peke yetu.

Usiku ule tulimwambia binti yetu maneno ambayo wazazi huyasema. Tulimwambia shangazi yake hakukusudia ubaya, na hilo ni kweli. Tulimwambia ilikuwa nukta moja tu, na hilo nalo ni kweli. Tulimwambia asimwonyeshe bibi yake huzuni katika mwezi mtukufu. Akatusikiliza hadi mwisho, akajibu: "Sikuulizwa. Ilipopigwa sikuulizwa, ilipotumwa sikuulizwa. Na ninyi tangu tuanze kuzungumza hamjaniuliza kitu, mnanieleza tu."

Kwa siku 12 hakukanyaga nyumbani kwa bibi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea Qur'ani kila Alasiri, kwa kuwa macho ya mama hayasomi tena msahafu. Mama akawa anauliza: "Mjukuu wangu yuko wapi?" Tukawa tunajibu kuwa ana masomo.

Katika siku hizo tulikaa tukaifungua fremu na kuzipitia picha zote zilizokuwamo, 412 kwa idadi. Tulikuwa tunatafuta picha nyingine za namna ile tuzifute. Tulizipata mbili, lakini tulipata na mengine ambayo hatukuyatarajia. Tulimkuta mtoto wa miaka mitatu akiogeshwa katika beseni. Tulimkuta mjomba wetu akiwa hospitalini, amelala na mipira puani, mdomo wazi. Picha hiyo alituma mtu kwa nia ya kuomba dua. Tulimkuta jirani wa zamani wa London, mwanamke asiyetuhusu kwa nasaba wala ndoa, akiwa jikoni kwake na kichwa wazi. Na picha ya mtoto katika beseni tulikuwa tumeituma sisi wenyewe.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeulizwa. Kila mtumaji alikuwa na mapenzi. Hapo ndipo maneno ya binti yetu yalipotuingia.

PICHA NAYO IPIGE HODI

Dini yetu imetufundisha adabu ya kuingia majumbani kwa ukamilifu ambao hatuna haja ya kuutafuta pengine. Katika Suratun-Nuur, aya ya 27 na ya 28, Allah (s.w) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na akatufundisha kwamba tukiambiwa turudi, turudi. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo zimetajwa nyakati tatu za faragha, kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri na baada ya Isha, ambazo hata watoto wa nyumba huamrishwa kubisha hodi. Na katika aya ya 30 na ya 31 waumini wanaume na wanawake wameamrishwa kuinamisha macho, na wanawake wakabainishiwa ni nani anayefaa kuliona pambo lao.

Watu wa pwani tumeipokea adabu hii mpaka ikawa mila. Mgeni husimama nje akabisha hodi, na mwenye nyumba asipoitika "Karibu," haingii. Hodi ile humpa mwanamke wa ndani muda wa kujitanda. Basi tujiulize: fremu ya picha imempa nani muda huo? Picha huingia nyumbani pasi na hodi, na humwingiza ndani yake mtu ambaye pengine yeye mwenyewe hajui kuwa ameingizwa. Aliyepigwa picha amezoea kuwa sitara yake ni mlango. Mlango ule fremu imeuondoa.

Tulikwenda kwa Maalim kumwomba radhi na kumtaka ushauri. Hakutaka tuzungumze kuhusu usiku ule. Alituuliza jambo moja: ikiwa mtu amekuachia nguo yake uihifadhi, je, una ruhusa ya kumpelekea jirani kwa sababu jirani ni mtu mwema? Tukasema hapana. Akasema sura ya mtu katika simu yako nayo ni amana, na wema wa unayempelekea hauibadilishi amana ikawa mali yako.

Kutokana na hayo tuliweka utaratibu nyumbani, na ndugu wote wa Muscat, London na Dar es Salaam tuliwafikishia:

Kwanza, anayeonekana katika picha huulizwa kabla ya kutumwa. Mtoto mdogo huulizwa mzazi wake, na mtoto anayejua kusema "sitaki" huulizwa yeye. Mgonjwa hatumwi ila kwa idhini yake.

Pili, picha za vikao vya wanawake hazitumwi kwenye fremu kabisa, hata kama waliomo wamejisitiri, kwa sababu nyuma ya anayepigwa huwa kuna wengine wasiojua.

Tatu, fremu imeondoka sebuleni. Sasa iko chumbani kwa mama, mahali ambapo hawaingii ila maharimu wake na wanawake wenzake. Tulishangaa kwamba hatukulifikiria jambo hili mapema, ilhali nyumba zetu tangu zamani zimejengwa kwa kutenga baraza ya wageni na ua wa wenyewe.

Nne, onyesho la papo kwa papo limezimwa. Fremu nyingi zina mpangilio wa namna hii, na baadhi huweza kuizuia picha mpya mpaka mwenye nyumba aikubali. Hiyo ndiyo hodi yenyewe. Anayenunua fremu na aitafute iliyo na uwezo huo.

Tano, msimbo wa fremu wanao watu sita tu tunaowajua kwa majina. Awali ulikuwa umewekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp lenye watu 87.

JE, KUWEKA PICHA KUNAFAA?

Baadhi ya wasomaji watasema: kwa nini kuhangaika na adabu za picha ilhali picha yenyewe ina maneno? Swali hili ni la haki. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imekuja kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye picha, na imepokewa pia habari ya pazia la Bibi Aisha (r.a) lililokuwa na picha, ambalo Mtume (s.a.w) alilichukia, likakatwa na kufanywa mito.

Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuzijuzisha, akiona kuwa ni kuzuia kivuli na si kuumba umbo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alifuata njia iliyo karibu na hiyo, kwa sharti kwamba kinachopigwa kiwe cha halali na kisitukuzwe. Sheikh Ibn Baz na Sheikh al-Albani, Allah awarehemu wote, walikataza isipokuwa kwa dharura au haja. Na wapo walioitofautisha picha ya kwenye kioo cha umeme, ambayo haina umbo la kudumu, na ile iliyochapwa na kutundikwa ukutani.

Hatuko katika nafasi ya kutoa fatwa. Kila familia iulize kwa mwanachuoni inayemwamini na ishikamane na jibu lake bila kumdharau jirani aliyejibiwa vingine. Tunaloliona ni kwamba hata wenye rai ya kujuzisha hawakuacha mlango wazi bila mlinzi. Sharti la sitara na sharti la kutotukuza wamelikubali wote. Na familia inayofuata rai ya kukataza haikukosa njia ya kukitumia chombo hiki: mandhari ya kijiji cha wazee, bustani ya mtoto aliye ughaibuni, mwandiko wa mjukuu aliyeandika Alfatiha kwa mara ya kwanza, ubao wa madrasa. Mama yetu hukaa sana kutazama picha ya mvua ikinyesha London. Anasema ni mvua ya kimya.

Lipo jambo moja ambalo halina hitilafu. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w) aliagiza pazia lililokuwa upande mmoja wa nyumba liondolewe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika swala yake. Kwa hiyo fremu isiwekwe upande wa kibla. Na izimwe wakati wa swala. Nyingi zina saa ya ndani inayoweza kupangiwa muda wa kuwaka na kuzimika yenyewe.

PICHA YA MAREHEMU

Dada yetu alikuwa ametia katika fremu picha 14 za baba, Allah amrehemu. Tulidhani tumemfanyia mama hisani kubwa. Baada ya wiki chache akatuomba tuziondoe.

Tulifikiri zinamliza. Akasema hapana. Akasema: "Nimejikuta nazisubiri. Ikipita ya watoto nasema inayofuata itakuwa yake. Hata uradi wangu naukatiza katikati kuangalia. Mimi baba yenu namwombea, sitaki kumngojea."

Hatukuzifuta. Fremu ina uwezo wa kuificha picha isizunguke na ikabaki imehifadhiwa, nasi tulifanya hivyo. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa nyumba nyingi zina mjane, au mzazi aliyefiwa na mtoto, na walio mbali huona kuwa picha ndiyo faraja. Huenda ikawa faraja na huenda isiwe, aulizwe mwenyewe. Kinachomfikia maiti tumeshafundishwa, nacho ni sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea.

TAHADHARI KWA MNUNUZI

Fremu ni kompyuta ndogo, na kompyuta huweza kuugua. Mwaka 2008 duka kubwa la vifaa vya umeme nchini Marekani liliacha kuuza aina moja ya fremu baada ya kugundulika kuwa baadhi zilitoka kiwandani na virusi. Novemba 2025 watafiti wa usalama wa mitandao walitangaza kwamba baadhi ya fremu zinazotumia programu iitwayo Uhale zilikuwa zikipakua programu hasidi kila zinapowashwa, na kwamba zilikuwa zikitumia Android 6, mfumo uliotoka mwaka 2015. Chombo chenye ugonjwa wa namna hiyo kikishaungana na mtandao wa nyumbani, huweza kuwa njia ya kuvifikia na vingine vilivyomo.

Kwa hiyo fremu isiyo na jina la mtengenezaji, hata ikiwa rahisi, isipewe waifai ya nyumbani. Nyingi hukubali kadi ya kumbukumbu au flashi, zikatumika bila intaneti kabisa. Hiyo ni salama, ila ndugu wa mbali hawatafaidi. Iliyo na jina isasishwe kila inapodai. Na siku ya kuiuza, kuigawa au kuipeleka kwa fundi, irudishwe kwanza katika hali ya kiwandani ili kila kitu kifutike. Picha za watu wa nyumba zisiende sokoni pamoja na chombo.

Kwa wazee wenye macho dhaifu, kila picha ikae sekunde 30 au zaidi. Sekunde 10 hazimtoshi anayetafuta kwanza miwani. Uchaguliwe mpangilio wa kuionyesha picha nzima badala ya kuijaza kioo, vinginevyo picha zilizopigwa kwa kusimamisha simu hukatwa vichwa. Mtumaji aandike maneno machache chini yake: ni nani, wapi, lini. Fremu isiwekwe kwenye jua wala karibu na jiko, na umeme ukikatikakatika ichomolewe hadi utulie. Na isifanywe ghala. Picha iliyofika kwenye fremu imekwisha kupunguzwa ubora; asili yake ihifadhiwe kwingine.

SIKU YA KUMI NA TATU

Dada yetu alipopata habari alipiga simu kutoka Muscat. Hakutaka kuzungumza nasi. Alimtaka binti yetu, na walizungumza faraghani muda mrefu. Hatukuuliza walisemezana nini. Tunachojua ni kwamba shangazi aliomba radhi kwa mtoto, naye akazifuta mwenyewe picha zote za kesha lile zilizokuwa katika simu yake.

Sisi nasi tulimwomba radhi. Halikuwa jambo jepesi, kwani tumelelewa katika mila ambayo mkubwa humsamehe mdogo na ni nadra kumwomba. Tulimwambia kwamba usiku ule ilitupasa kumuuliza kabla ya kumweleza. Akasema: "Nimesamehe." Kisha akauliza iwapo fremu bado iko sebuleni.

Alasiri ya siku ya 13 alikwenda kwa bibi yake na msahafu. Mama hakumuuliza kuhusu masomo. Alimwambia avute mkeka karibu, na akamwelekeza mahali walipoachia, katika Suratun-Nahl. Walipomaliza, binti aliichukua fremu, akapanga saa za kuzimika kufuatana na nyakati za swala, akaufuta msimbo wa zamani na kuweka mpya. Msimbo ule anao yeye. Tukitaka kutuma picha, sote, wakubwa kwa wadogo, twapitia kwake.

Tunamuomba Allah (s.w) azihifadhi sitara za familia zetu, awakutanishe kwa kheri waliotengana kwa masafa, na atufanye miongoni mwa wanaotekeleza amana, iwe kubwa au ndogo. Aamiin.